Johannes Rebmann, Shahidi wa Theluji

Jumapili moja alasiri, katika chumba kilicho juu ya duka karibu na Kayole Junction ambamo hukutana na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu na cha nne ili tudurusu fasihi, binti mmoja aliniuliza swali lililonifanya nifunge kitabu. Wiki hiyo mwalimu wao wa fizikia alikuwa amewafundisha jinsi mwanga unavyong'oa elektroni katika uso wa metali, akaongeza kwamba mwanga huo huja kwa vipande vipande, na kwamba katika ulimwengu wa vitu vidogo kabisa mambo hayaendi kama macho yanavyotarajia. Siku iliyofuata, katika somo la dini, walisoma habari za kufufuka kwa Yesu kama zilivyoandikwa na Luka. Nyumbani, kaka yake anayesoma chuoni alimwambia kwamba mtu aliyeielewa fizikia hawezi tena kumwamini Luka. Na huko nje, penye kituo cha matatu, mhubiri mwenye kipaza sauti alikuwa akitangaza kwamba fizikia mpya imekwisha kuthibitisha Biblia yote, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Binti alitaka kujua ni nani kati ya hao anayestahili kusadikiwa.

Nilijibu kama wanavyojibu wahadhiri wasipokuwa na jibu. Nilisema kwamba suala hilo ni pana. Binti alitabasamu, akaliandika neno pana katika daftari lake. Tabasamu lile limenikera tangu siku ile, na ndilo linaloniandikisha makala haya.

Asubuhi chache katika mwaka, mvua inapokuwa imeosha vumbi la mtaa wetu, mtu akisimama juu ya paa la ghorofa huku Kayole aweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, na mara moja moja, akigeukia kusini, Kilimanjaro ukiwa kama wingu jeupe lililokataa kuondoka. Tukisema kwamba tumeiona theluji, hakuna atakayetubishia. Lakini palikuwa na wakati ambapo mtu aliyesema maneno hayo hayo alihesabiwa na baadhi ya wataalamu wa Ulaya kuwa amedanganyika. Jina lake kila mwanafunzi wa historia nchini Kenya amewahi kulikariri kwa ajili ya mtihani, pamoja na jina la Krapf, kisha akalisahau. Naona tulikumbuke tena, maana maisha ya mtu huyo ni jibu bora kwa swali la binti kuliko lile nililompa mimi.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, nchini Uswisi, kisha akamalizia katika chuo cha Church Missionary Society kilichokuwako Islington, London. Aliwasili Mombasa mwaka 1846, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita. Mwenyeji wake alikuwa Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ametangulia miaka miwili kabla yake, na ambaye katika miaka hiyo miwili alikuwa amemzika mkewe, Rosine, pamoja na binti yao mchanga, na ameanza kuutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. (Wale wanaodhani kwamba tafsiri ya Biblia katika lugha yetu ilianzia kanisani na waitafakari habari hiyo ya kadhi.) Mwezi wa Agosti 1846 Wajerumani hao wawili walihamia Rabai Mpya, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, wote wakitetemeka kwa homa.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann alitoka Rabai kwenda nchi ya Wachagga. Hakuchukua silaha. Alichukua mwavuli, jambo lililowashangaza watu waliozoea kuona misafara yenye bunduki. Kiongozi wa safari yake alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara, na ambaye tayari alikuwa amemsimulia habari za mlima mkubwa wenye kitu kama fedha juu yake, unaolindwa na majini wabaya.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei, walipokuwa wameivuka nchi ya Taita, Rebmann aliona weupe juu ya kilele kimoja. Mwanzo alidhani ni wingu. Alimwuliza aliyekuwa akimwongoza weupe ule ni nini. Huyo hakuwa na jina la kitu chenyewe, akasema tu kwamba ni baridi.

Mimi ni mtu wa isimu, na msomaji atanisamehe nikisimama hapa kidogo. Neno tunalotumia leo, theluji, limetoka katika Kiarabu, na mwenzake barafu ametoka katika Kiajemi. Mtu wa pwani, ambaye tangu kuzaliwa kwake hajapata kuona maji yaliyoganda, hakuwa na haja ya kuwa na jina la kitu hicho katika mazungumzo yake ya kila siku. Kwa hiyo alikitaja kwa lile alilolijua juu yake, yaani namna kinavyoigusa ngozi. Jibu lile halikuwa la kijinga hata kidogo. Lilikuwa ushuhuda sahihi uliotolewa katika lugha ambayo bado haikuwa na istilahi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ambayo huangukiwa na theluji kila kipupwe, alilielewa mara moja. Aliketi, akaifungua Biblia yake na kuisoma Zaburi ya 111, kisha akaendelea na safari.

Lakini hakuridhika na jicho lake peke yake, na hapa ndipo ninapomtaka mwanafunzi awe makini. Alipofika Kilema, kwa mtawala Masaki, aliwauliza wenyeji. Akajifunza kwamba wao walikuwa na jina la kitu kile, Kibo, na kwamba walijua fika kwamba kikitiwa katika chombo hugeuka kuwa maji. Alisimuliwa habari za mtawala wa zamani wa Machame, Rungua, aliyewatuma watu wapande kuchunguza ile fedha ya mlimani, wakaangamia isipokuwa mmoja aliyerudi na mikono na miguu iliyoharibika kwa baridi. Alizitazama pia hali za mito inayoshuka kutoka mlimani. Katika safari yake ya pili, iliyoanza Novemba 1848, alifika karibu zaidi, hata akauona weupe ule usiku kwa mwanga wa mwezi. Macho yake, basi, yaliungwa mkono na kumbukumbu za wenyeji na kwa hali ya nchi yenyewe, na yote matatu yalikubaliana.

Safari ya tatu, mwaka 1849, ilikuwa balaa. Alikusudia kupita hadi Unyamwezi, lakini Mamkinga, mtawala wa Machame na mwana wa Rungua, alimpokonya bidhaa alizotegemea kwa safari, siku baada ya siku, kwa jina la zawadi, hata ikambidi arudi pwani akiwa mgonjwa na mikono mitupu. Hakuliandika jambo hili kwa kujipamba. Alikiri kwamba alilia.

Habari za theluji zilichapishwa London mwaka 1849 katika gazeti la wamisionari. Mwishoni mwa mwaka huo huo Krapf naye aliuona Kilimanjaro kwa macho yake, na tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui kwa mtemi Kivoi, aliuona Mlima Kenya nao ukiwa na weupe juu yake. Sasa mashahidi walikuwa wawili, na milima miwili. Mtu angedhani kwamba ubishi umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Palikuwa na mwanajiografia mmoja huko London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki maishani mwake. Tusimdharau. Alikuwa msomi kwelikweli, mwenye kuzifahamu maandishi ya Waarabu na Wareno kuhusu bara letu, na katika miaka ya 1830 alikuwa amemhoji Khamis bin Uthman, Mswahili aliyefika London. Mwaka 1852 alitoa kitabu kuhusu bara la ndani la Afrika, na ndani yake akaikana theluji ya Rebmann. Kwa maoni yake, weupe ule ulikuwa mazingaombwe ya macho na ya mawazo. Theluji ya kudumu karibu na ikweta, katika Afrika ya jua kali, haikuingia katika picha aliyokuwa amejichorea juu ya meza yake.

Kosa la Cooley lilikuwa nini hasa? Wengi husema kwamba aliiamini sayansi kupita ushahidi. Mimi sikubali. Sayansi ya wakati wake haikuikataza theluji ile. Hewa inapopanda juu hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani joto hupungua kiasi cha nyuzi sita na nusu kwa kila mita elfu moja. Chukua nyuzi 27 za Mombasa, upande hadi mita 5,895 ambazo ni kimo cha Kibo, utapata nyuzi kumi na moja hivi chini ya sifuri. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuipiga hesabu hiyo. Tena Alexander von Humboldt alikuwa ameupanda mlima Chimborazo, karibu na ikweta huko Amerika ya Kusini, tangu mwaka 1802, na theluji yake ilijulikana na kila msomi wa Ulaya. Kwa hiyo aliyemkana Rebmann ni mazoea yaliyovaa joho la sayansi. Cooley aliyachukua yale ambayo yeye na wenzake walikuwa hawajayaona, akayaita yasiyowezekana.

Ajabu ni kwamba karne nzima kabla ya hapo mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, katika insha yake maarufu ya mwaka 1748 juu ya miujiza, alikuwa ametumia mfano unaofanana sana na huu. Insha hiyo ndiyo silaha ambayo kaka wa binti yule aliibeba bila kuijua, kwa kuwa inauliza kama ushuhuda wa watu wa kale unaweza kamwe kutosha kutufanya tuamini muujiza. Katika kuijenga hoja yake, Hume alimtaja mwana wa mfalme wa India ambaye, kwa kuwa alikulia katika joto, alikataa kuamini alipoambiwa kwamba maji huganda. Hume hakumlaumu. Alisema kwamba ilimpasa mtu huyo kudai ushahidi mzito sana kabla ya kukubali. Hata hivyo Hume mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wafuasi wake, kwani alitofautisha jambo lisilofanana na yale tuliyoyazoea na jambo linalopingana nayo. Maji kuganda ni la aina ya kwanza. Maiti kufufuka, kwake, ni la aina ya pili.

Na hapo pana mpaka ambao mhubiri wetu wa kituo cha matatu anauruka kila Jumapili. Ni kweli kwamba fizikia ya karne ya ishirini iliipangua orodha ya mambo yasiyowezekana. Ule mlima wa Rebmann, ambao theluji yake tu ilionekana kuwa upuuzi, leo tunajua kwamba una jambo la ajabu zaidi: saa iliyowekwa kileleni mwake huenda kwa kasi kidogo kuliko saa iliyoko Mombasa, kwa kuwa mvutano wa dunia huuchelewesha wakati. Tofauti yenyewe ni kama sehemu ishirini katika milioni za sekunde moja kwa mwaka mzima. Haya yalitabiriwa na Einstein, yakapimwa maabarani Marekani mwaka 1960, na mwaka 1971 wanasayansi wawili walizisafirisha saa za atomu kwa ndege kuizunguka dunia ili kuyahakikisha. Mtu angemwambia Cooley habari hizo, sijui angetumia maneno gani.

Lakini yatokanayo na hayo ni kidogo kuliko anavyodhani mhubiri. Kwamba elektroni haina mahali maalumu mpaka ipimwe, hakumaanishi kwamba lolote laweza kutokea popote. Kanuni za vitu vidogo zina hesabu zake, na hesabu hizo, zikitumika kwa kitu kikubwa kama mwili wa binadamu, haziachi nafasi yoyote ya maana ya kuufufua. Tena yule anayeueleza ufufuo kwa elektroni anauharibu hata kwa kipimo cha imani yake mwenyewe, kwa sababu muujiza unaoelezwa na kanuni za maumbile umeacha kuwa muujiza, umekuwa tukio la nadra tu. Kwa hiyo fizikia mpya imetufunza unyenyekevu mbele ya neno haiwezekani, na hilo ni jambo kubwa, lakini haikutupa hati ya kuthibitisha Injili.

Kaka mtu naye asishangilie. Kwamba maiti hazifufuki zenyewe si ugunduzi wa Newton wala wa Einstein. Luka alilijua. Ndiyo maana aliandika kwamba wanawake waliporudi kutoka kaburini, mitume waliyachukua maneno yao kuwa upuuzi. Watu wa karne ya kwanza walizika wafu wao kama tunavyowazika wetu, na walijua kaburi ni nini. Fizikia haiwezi kumpa Luka habari ambayo hakuwa nayo. Swali lililobaki, basi, ni la historia: huyu shahidi ni wa namna gani?

Turudi kwa Rebmann, kwa kuwa maisha yake yana sura nyingine ambayo vitabu vya shule huipitia mbio. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari kwa wafanyabiashara wa misafara, Erhardt akiwa amekaa miezi kadhaa Tanga, kuhusu nchi zilizo mbali bara. Wasafiri wa njia ya kusini walisema kwamba mwisho wa safari yao ni maji makubwa. Wa njia ya kati walisema hivyo hivyo. Wa njia ya kaskazini pia. Wamisionari hao wakaamua kwamba maji hayo yote ni mamoja, wakachora ramani yenye bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, yenye umbo la konokono asiye na gamba. Ilichapishwa Ujerumani mwaka 1855 na London mwaka 1856, ikazua gumzo kubwa.

Ramani ile haikuwa sahihi. Maji yale ni maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na lile lililokuja kuitwa Victoria. Nadhani lugha nayo ilichangia, kwani Nyasa na Nyanza ni majina ambayo asili yake ni maji makubwa tu, na kila msafiri alikuwa akitaja maji makubwa ya kwake. Hata hivyo kosa hilo lilizaa matunda, kwa sababu ndilo lililowafanya Burton na Speke waletwe pwani yetu. Walimtembelea Rebmann mapema mwaka 1857 kabla ya safari yao, na mwaka uliofuata wakaanza kuyatenganisha maziwa hayo.

Sasa mwanafunzi na ajiulize. Mtu mmoja, mwenye uaminifu ule ule, alitoa habari mbili. Ya theluji, aliyoiona na kuichunguza, ilisimama. Ya ziwa, aliyoipokea kwa wengine na kuiunganisha mwenyewe, ilikuwa na ukweli mwingi ndani yake lakini umbo lake lilikosewa. Je, ramani mbovu yaifanya theluji kuwa uongo? Je, theluji ya kweli yaifanya ramani kuwa sahihi? Mwanahistoria hulipima kila jambo kwa kuuliza shahidi alilipataje: aliliona, alilisikia, au alilikisia?

Luka mwenyewe alilikubali swali hilo. Katika aya za kwanza za Injili yake anakiri kwamba yeye hakuwa miongoni mwa walioyaona mambo tangu mwanzo, bali alichunguza habari zilizotoka kwa walioyaona. Na tukimpima kwa kipimo tulichompimia Rebmann, matokeo si ya upande mmoja. Katika Matendo ya Mitume, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha mwandishi huyo huyo, wakuu wa mji wa Thesalonike wanaitwa kwa cheo ambacho hakikujulikana katika maandishi ya waandishi wakubwa wa Kiyunani, na wako waliodhani kwamba alikibuni, mpaka maandishi yaliyochongwa katika mawe ya mji huo yalipoonyesha kwamba ndicho kilichotumika huko. (Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hawezi kuyaona haya, kwani mfasiri aliandika wakuu wa mji, na kosa si lake.) Galio naye, liwali wa Akaya, ametajwa katika jiwe lililopatikana Delfi ambalo hutuwezesha kumweka Paulo mjini Korintho karibu na mwaka 51. Lakini hesabu ya watu ya wakati wa Kirenio, ambayo Luka anaihusisha na kuzaliwa kwa Yesu, yatatiza. Kwa mujibu wa mwanahistoria Yosefo, Kirenio aliifanya hesabu yake mwaka wa 6 baada ya Kristo, ilhali Herode alikwisha kufa miaka kumi hivi kabla yake. Wasomi wamelishughulikia fundo hilo kwa muda mrefu, na bado halijafunguka kwa namna inayowaridhisha wote. Asiyelitaja mbele ya wanafunzi wake anawaibia.

Kuna pia suala la maandiko yenyewe kunakiliwa, ambalo liko karibu zaidi na kazi yangu. Kipande cha mafunjo cha Injili ya Yohana kilichoko Manchester, kidogo kama kiganja cha mkono, aghalabu huwekwa katika karne ya pili. Nakala kubwa zilizo kamili ni za karne ya nne. Kwa maandishi ya kale huo ni utajiri ambao waandishi wengi wa Kirumi hawana. Lakini utajiri huo ndio unaotuonyesha kwamba aya kumi na mbili za mwisho za Injili ya Marko hazimo katika nakala mbili kongwe zilizo kamili, na kwamba kisa cha mwanamke aliyeletwa kwa Yesu kwa kuzini hakimo katika nakala za kale kabisa za Yohana. Sioni haja ya kuyaficha haya. Anayeficha ndiye anayemfanya mwanafunzi, akiyagundua chuoni, aitupe Biblia nzima kwa hasira.

Na ufufuo? Kilimanjaro kilikuwa na faida moja ambayo kaburi la Yerusalemu halina: mtu mwingine aliweza kwenda kutazama. Baroni von der Decken alikwenda mwaka 1861, kisha mwaka 1862 akapanda hadi mita elfu nne na zaidi, na theluji ikamwangukia yeye na wenzake usiku. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni. Hakuna msafara utakaotumwa kuiona asubuhi ile ya Pasaka. Historia inaweza kusema kwamba Paulo, akiwaandikia Wakorintho katikati ya miaka ya 50, alitaja watu waliosema wamemwona Yesu baada ya kufa, wengi wao wakiwa hai bado, na kwamba imani hiyo haikuzuka karne nyingi baadaye. Inaweza kusema kwamba waliosimulia waliacha ndani ya simulizi mambo yanayowaaibisha wenyewe, kama Rebmann alivyoyaacha machozi yake. Kuvuka kutoka hapo hadi kusema kwamba alifufuka, au kwamba hakufufuka, ni hatua ambayo kila mtu huipiga akiwa amebeba mengine moyoni mwake. Hatua hiyo siipigi kwa niaba ya binti.

Rebmann hakupata faida yoyote kwa kuthibitishwa kwake. Alikuwa amefunga ndoa na Emma Tyler huko Misri mwaka 1851. Mtoto wao alikufa angali mchanga, na Emma akafariki mwaka 1866. Krapf alikwisha kurudi Ulaya kwa ajili ya afya. Rebmann alibaki Rabai karibu miaka thelathini bila kwenda likizo kwao, akiandika kamusi. Moja ilikuwa ya lugha ya watu wa Nyasa, aliyoikusanya kwa subira kutoka kwa Salimini, mtu aliyekuwa ametekwa huko na kuuzwa utumwani. Nyingine ilikuwa ya Kinyika. Waumini walikuwa wachache mno, kiasi kwamba wageni waliofika pale waliiona kazi yake kuwa imeshindikana. Polepole macho yake, yale yale yaliyobishaniwa London, yaliingia ukungu, na alipotembelewa na Sir Bartle Frere mwaka 1873 alikuwa karibu kipofu kabisa.

Mwaka 1875 alirudi Ujerumani, akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai, aliyekuwa macho yake njiani. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876, akazikwa huko. Mwaka huo huo ilichapwa tafsiri yake ya Kiswahili cha Mombasa, kazi ya miaka mingi. Katika vitabu vyote vya Biblia, alichokuwa amekitafsiri ni Injili ya Luka.

Nimemsomea binti yule makala haya kabla ya kuyatuma. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba Jumapili ijayo tuanze na Kirenio.